Mkasi wa Bi Mwanatumu

Kila alasiri, vyombo vikishaoshwa, Bi Mwanatumu alitandika jamvi barazani kwake, mtaa wa Muyeye. Alitoa mkoba wake wa ukili. Ndani mlikuwa na sindano, nyuzi, vipande vya leso kuukuu na mkasi mmoja mkubwa. Kisha rafiki zake walikuja, wakakaa kushona.

Walishona kofia za waume zao. Walishona mito na vitambaa vya meza vya kuwatunza maharusi. Mtu wao akitaka kuolewa au kuzaa, hakununuliwa kitu dukani. Alishonewa.

"Zawadi ya dukani haina jasho la mtu," Bi Mwanatumu alipenda kusema.

Mwaka ule wa 1986 walikuwa wakimshonea Jaha, mke wa Aboud muuza samaki. Jaha alikuwa amekaa miaka mingi katika ndoa bila mtoto. Watu, kama ilivyo ada yao, walikuwa wameanza kumsema pembeni. Sasa alikuwa na mimba kubwa. Alikaa ameegemea ukuta, miguu ameinyoosha, akatazama vinguo vikitoka mikononi mwa wenzake. Vilikuwa vishati, nepi na kofia ndogo isiyoweza kuingia hata ngumi ya mtu mzima.

Aliyewashinda wote kwa kushona alikuwa Mueni. Alikuwa Mkamba. Mumewe, Musembi, alikuwa mtunza bustani katika hoteli moja ya Malindi. Mueni naye alikuwa mjamzito, lakini mimba yake ilikuwa bado changa.

"Wako tutamshonea baada ya huyu," Bi Mwanatumu alimwambia. "Usione wivu."

"Mimi sina wivu, mama," Mueni alijibu. "Naangalia tu kama mtanibakishia kitambaa."

Walicheka mpaka Jaha akashika tumbo.

Siku moja uchungu ulimshika Jaha palepale jamvini. Walimwingiza chumbani kwa Bi Mwanatumu. Mueni alikwenda mbio kumwita Mama Fumo, mkunga wa mtaa. Mama Fumo alifika anahema, mikono mitupu. Mtoto hakungoja. Alitoka analia, mwanamume, kichwa kimejaa nywele.

"Nipeni cha kukatia kitovu," Mama Fumo alisema.

Wembe haukuwapo. Bi Mwanatumu akatoa mkasi mkobani, akaufuta kwa pindo la leso yake. Mkasi ule ulikuwa ukikata kila kitu: kitambaa, ukili, hata kamba ya mbuzi.

"Na uzi?"

"Tumia huu tulioshonea nguo zake," Bi Mwanatumu alisema. "Huu una baraka."

Kitovu kilifungwa kwa uzi ule, kikakatwa kwa mkasi ule. Juu yake Mama Fumo akapaka masizi ya chungu na mafuta ya nazi, kama alivyofundishwa na mamake. Wanawake wakapiga vigelegele. Hakuna hata mmoja aliyemtakia mtoto yule mabaya. Ujue hilo, msomaji, kabla hujasikia yaliyofuata.

Mueni alichukua vinguo vya mtoto akavifua, akavianika kwenye kamba. Alikuwa amechoka na mimba inamsumbua. Alijilaza, usingizi ukampitia. Nguo zikabaki nje mpaka baada ya magharibi.

Wiki haijatimia, mtoto aliacha kunyonya. Haikuwa kwamba hataki. Alilia njaa, akalitafuta ziwa la mamake, lakini kinywa kilikataa kufunguka. Taya zilikuwa zimekaza. Kisha mwili wote ukaanza kukakamaa. Akiguswa, anakakamaa. Mlango ukifunguliwa na mwanga ukaingia, anakakamaa, mgongo umepinda na ngumi amezifumba.

"Ni nyuni," alisema shangazi yake Aboud. "Ndege amempitia."

Walimfukiza. Walimvisha hirizi. Siku nzima ikapotea hivyo. Aboud aliposhindwa kuvumilia, alimbeba mwanawe akampeleka hospitali.

"Hii ni pepopunda," aliambiwa. "Mbona mmechelewa?"

Mtoto alikufa siku ileile. Hakuwa amepewa jina.

Sasa, watu hawapendi msiba usiokuwa na wa kulaumiwa. Shangazi akaanza kuuliza. Nani alifua zile nguo? Nani alizianika? Kwa nini zililala nje, na kila mtu ajua kwamba nguo za mtoto mchanga huondolewa kambani kabla jua halijatua, ndege wa usiku asije akapita juu yake? Jina la Mueni likatoka.

"Lisemwalo lipo," watu wakaambiana bombani. Methali hiyo ni nzuri, lakini tazama wanaoipenda zaidi. Mara nyingi ni wale wasiokuwa na ushahidi.

Mueni alikwenda jamvini mara moja tu baada ya msiba. Alipokaa, wanawake walikusanya vitambaa vyao wakavikumbatia mapajani, mkono wake usije ukavigusa. Aliona. Aliinuka, hakurudi tena. Mama Fumo alitangaza kwamba hatamzalisha mwanamke mwenye nuksi. Musembi alirudi kutoka kazini akamkuta mkewe amekaa gizani, taa hajaiwasha, na chakula hajapika. Mimba ilikuwa inakua, na hapakuwa na wa kumshonea hata nepi moja.

Na Jaha? Jaha alikuwa na maziwa. Kifua kilijaa, kikamuuma, kikalowesha nguo. Mwili wake haukuwa na habari ya msiba.

Siku moja Sista Idah alipiga hodi kwa Jaha. Alikuwa muuguzi wa zahanati, mzaliwa wa Tezo, na kazi yake ilikuwa kuzunguka mitaani kuwaangalia waliojifungua. Alimkuta Jaha kitandani, na Bi Mwanatumu kando yake anamkanda.

"Pole, dada yangu," Idah alisema. "Nieleze mtoto alianza vipi."

Jaha alieleza. Idah alisikiliza mpaka mwisho, hakumkatiza.

"Ulipokuwa mjamzito ulichanjwa chanjo ya pepopunda?"

"Sikwenda kliniki. Sikuwa mgonjwa."

"Kitovu kilikatwa na nini?"

"Mkasi wangu," Bi Mwanatumu alijibu.

"Ulichemshwa?"

"Niliufuta, mwanangu. Ulikuwa safi, unang'ara."

"Na uzi?"

"Wa mkobani."

"Kidondani palitiwa kitu?"

"Masizi na mafuta. Ndivyo tufanyavyo sote."

Idah aliweka mfuko wake chini. "Mama, sitakudanganya, kwa sababu nikikudanganya atakufa mwingine. Pepopunda si nyuni wala si uchawi. Ni vijidudu. Ni vidogo mno, jicho haliwezi kuviona. Vinakaa mchangani, katika vumbi na katika mavi ya wanyama. Mkasi unawekwa chini. Uzi unaburutwa jamvini. Chungu kinashikwa na kila mkono. Mkasi waweza kung'ara na bado ukavibeba. Kitovu kibichi ni kidonda, ni mlango uliofunguliwa. Vijidudu vikiingia hapo vinatoa sumu. Sumu hiyo ndiyo inayokaza taya."

"Na nguo zilizolala nje?" Jaha aliuliza.

"Nguo hazina kosa. Ndege naye hana kosa."

"Basi Mueni hakufanya kitu."

"Mueni ni nani?" Idah aliuliza.

Bi Mwanatumu alikuwa ameitazama mikono yake.

"Basi ni mimi," alisema.

"Hukujua, mama."

"Kutojua kwangu kumemrudisha?"

Jaha aligeukia ukutani. "Bi Mwanatumu, nenda kwako," alisema taratibu. "Sikutukani. Lakini nenda."

Mtu mzima yule alitoka ameinamisha kichwa. Jaha alimgeukia Idah. Kisha akauliza, "Kingefanywa nini?"

"Chanjo mbili kabla ya kuzaa," Idah alisema. "Zinamkinga mama, na kinga inamfikia mtoto tumboni. Mkunga aoshe mikono kwa sabuni, na kucha zake. Mtoto apokewe juu ya kitambaa safi. Kitovu kifungwe kwa uzi uliochemshwa, kikatwe kwa wembe mpya. Kisha kisipakwe kitu. Si masizi, si mafuta, si dawa ya mtu. Kiachwe kikauke chenyewe."

"Mueni, yule aliyezifua nguo, ana mimba," Jaha alisema. "Hajachanjwa. Na mkunga amemkataa."

"Basi mtoto wake yumo katika hatari ileile iliyomchukua wako."

Idah alipoondoka, Jaha alivaa buibui. Shangazi alimkuta mlangoni.

"Waenda wapi nawe hujatimiza arobaini?"

"Humu ndani nina nini cha kulea?" Jaha alimjibu, akatoka.

Mueni alifungua mlango nusu. "Umekuja kunitazama?"

"Nimekuja kukwambia haikuwa nguo." Jaha alimweleza yote, amesimama palepale kizingitini. Mueni alisikiliza bila kumkaribisha ndani.

"Kwa hivyo leo nimekuwa mtu," alisema.

"Mueni, nisamehe. Wengine walisema, na mimi nilinyamaza. Twende kliniki. Nitakusindikiza."

"Unaniambia hapa, tukiwa wawili. Wakati wa kunisema mlikuwa wengi. Nikizaa, nani atanipatia hata maji? Wataniogopa mpaka lini?"

"Wataka nini?"

"Bi Mwanatumu aseme mwenyewe. Pale bombani, na wakiwa wote."

Haikuwa kazi rahisi kumwambia mtu mzima jambo hilo. Lakini Jaha alimwambia, na Bi Mwanatumu hakubisha. Asubuhi iliyofuata alikwenda bombani bila ndoo. Alingoja foleni ikawa ndefu.

"Nisikilizeni," alisema. "Kilichomuua mtoto wa Jaha ni uchafu ulioingia kitovuni. Mkasi ulikuwa wangu. Uzi ulikuwa wangu. Mueni hana hatia. Tumemdhulumu."

Wengine waliangalia chini. Shangazi alichukua ndoo yake, haijajaa hata nusu, akaenda zake. Wako watu ambao ukweli unawaudhi kuliko msiba. Mueni alikuwa nyuma kabisa. Hakutabasamu wala hakulia. Foleni ilisogea, naye akasogeza ndoo yake mbele.

Siku ileile Jaha alimsindikiza kliniki. Mueni alichanjwa mkononi. Mwezi mmoja baadaye walirudi, akachanjwa mara ya pili.

"Njoo uzalie hospitali," Idah alimwambia. "Hapo kuna watu na vifaa. Lakini uchungu hauna miadi. Kaa na kifuko tayari nyumbani."

Walishona kifuko hicho wenyewe, Jaha na Mueni, chumbani kwa Mueni, na Idah akiwaonyesha. Kilikuwa cha kitambaa cheupe, hakina ua wala nakshi. Ndani walitia sabuni, wembe mpya ambao karatasi yake haijafunguliwa, nyuzi za kufungia na kitambaa cha kumpokelea mtoto. Kitambaa kilifuliwa kwa sabuni, kikakaushwa juani, kikapigwa pasi ya moto. Nyuzi zingechemshwa kwa dakika ishirini uchungu ukianza, mkunga akiwa bado anaosha mikono.

Mama Fumo alikuja, akakaa karibu na mlango. Alikuwa amesikia maneno ya bombani.

"Nimezalisha watoto wengi," alimwambia Idah. "Wako waliokufa vile. Tukisema nyuni." Alihesabu vidoleni, akaacha. "Walikuwa wengi, mwanangu."

"Ulifanya ulivyofundishwa," Idah alisema. "Sasa jifunze hili, kwa sababu watu wataendelea kukuita wewe kabla hawajaniita mimi."

Alijifunza. Mtu wa umri wake kukubali kufundishwa upya ni jambo zito, na mimi namheshimu kwa hilo.

Uchungu wa Mueni ulianza mvua ikinyesha. Njia ilijaa maji, na Musembi alitafuta gari asipate. Jaha alikuja, na Mama Fumo akaitwa. Alisugua mikono mpaka viwikoni na kucha zote. Nyuzi zilichemka jikoni. Mtoto akazaliwa, msichana, akapokewa juu ya kitambaa kilichopigwa pasi. Wembe ulitolewa katika karatasi yake wakati uleule wa kukata.

Kisha mkono wa Mama Fumo, kwa mazoea tu, ukakielekea chungu.

"Usitie kitu, mama," Jaha alisema.

Mkono ulirudi.

Tangu siku hiyo, kila asubuhi, Jaha alikwenda kwa Mueni na swali moja. "Amenyonya?" Mueni alimwonyesha mtoto. Jaha alitazama taya, akatazama vidole, akaenda zake. Hakuthubutu kumbeba.

Wiki ikatimia, ikapita. Asubuhi moja alimkuta mtoto analia kwa hasira, kinywa wazi mpaka koo linaonekana, kwa sababu Mueni alichelewa kidogo kumnyonyesha. Musembi alikuwa anacheka. Jaha alisema, "Mashallah," akatoka haraka.

Alikwenda kwa Bi Mwanatumu. Alikuwa hajakaa na wenzake pale tangu msiba. Wanawake walikuwa jamvini wanashona vifuko vyeupe kama kile cha Mueni. Jaha alibaki amesimama.

"Mtoto wa Mueni amepita wiki," alisema. "Analia, kinywa ki wazi."

"Alhamdulillahi," Bi Mwanatumu alisema.

"Sabuni, Bi Mwanatumu. Wembe mmoja na maji ya moto. Mwanangu hakuhitaji zaidi ya hayo na ile chanjo." Machozi yalikuwa yanamtoka. "Ni vitu vidogo hivyo tu."

Bi Mwanatumu hakumwambia asilie. Alisogea, akampisha nafasi. Jaha alikaa, akalia mpaka akamaliza. Kisha akauliza ni nani mtaani mwenye mimba ambaye bado hajakwenda kliniki. Walimtajia wawili. Alichukua sindano akaanza kushona.