Kompyuta Iliyojizima Kila Dakika Tano

Opoku na mkewe Konadu walikuwa na duka la kuchapa mabango ya misiba mtaa wa Asafo, Kumasi. Opoku alitengeneza picha kwenye kompyuta. Konadu alikagua majina, maana jina la marehemu likikosewa, ukoo mzima unakuja juu.

Jumatano moja kompyuta ilizimika. Opoku akaiwasha. Baada ya dakika tano ikazimika tena. Bango la Bi Agyeiwaa, aliyekuwa azikwe Jumamosi, lilikuwa bado nusu.

"Hivi ni virusi tu," alisema Opoku.

"Virusi gani!" alisema Konadu. "Jana ilikuwa inapiga kelele tu. Ukaifungua, ukafuta vumbi la upepo wa harmatani, leo inazimika. Kamwite Boatemaa!"

Opoku aliona aibu, lakini alikwenda. Boatemaa, fundi wa kompyuta ng'ambo ya barabara, alikuja na mfuko wake. Hakumcheka.

"Uliifungua hadi wapi, kaka?"

"Niling'oa feni na bati lake la kupozea. Nikasafisha, nikarudisha."

"Ulipaka grisi?"

"Grisi ipi?"

Boatemaa alichomoa waya wa umeme, akasubiri kompyuta ipoe. Kisha akaifungua, akaligusa bati. Likacheza.

"Tazama, mguu huu wa bati haukuingia kwenye tundu lake. Bati limekaa upande. Na chini yake grisi ya zamani imekauka. Prosesa ndiyo ubongo, na ikifanya kazi inapata moto. Bati linachukua joto, feni inalipuliza nje. Visipogusana vizuri, joto linabaki palepale. Kompyuta inajizima isiungue."

"Kumbe inajiokoa!" alisema Opoku. "Basi nipake dawa ya meno? Jamaa mmoja aliniambia inafaa."

"Prosesa ina meno?"

Konadu alicheka mpaka akashika meza.

"Dawa ya meno inakauka upesi," alisema Boatemaa. "Tumia grisi yenyewe, ya kupitisha joto. Chomoa waya wa feni, ng'oa bati, kisha shika kitambaa hiki na spiriti. Futa mwenyewe, juu ya prosesa na chini ya bati."

Opoku alifuta mpaka pote pakang'aa. Akaanza kukamua grisi.

"Basi, basi! Kiasi cha punje ya mchele, katikati. Hupaki siagi kwenye mkate. Sasa shusha bati wima, usiliburuze. Bonyeza mguu mmoja, halafu ule wa pembe ya mkabala."

Miguu yote minne ililia, ta! Opoku akachukua kifuniko cha kompyuta.

"Na waya wa feni?" aliuliza Boatemaa.

Opoku aliurudisha mahali pake, akawasha. Feni ikazunguka. Boatemaa akafungua ukurasa unaoonyesha joto la prosesa, akakaa kitako. Dakika tano zikapita. Nusu saa ikapita. Joto lilipanda kidogo, likatulia. Opoku alimtazama mama huyu aliyeweza kumaliza kazi kwa dakika chache, lakini akamwachia yeye Opoku aifanye kwa mikono yake. Kwa miaka sita Opoku alikuwa akitengeneza vitu kwa kubahatisha. Hakuwahi kuona mtu anayejua namna hii, tena bila majivuno.

Bango lilichapwa siku ileile. Binti wa Bi Agyeiwaa alipolikunjua, aligusa shavu la mama yake pichani, akasema, "Ndiye mama kabisa."

Alipoondoka, Konadu alimgeukia mumewe.

"Siku hizi na wewe ni fundi, eti?"

"Mimi mwanafunzi," alisema Opoku, akaonyesha ng'ambo ya barabara. "Fundi yuko kule."