Kipimo cha Kidole

Saa mbili asubuhi bango-hai la stesheni ya Itigi liliwaka, kioo kipana kama lango la ghala, kuanzia sakafuni. Maneno yalitokea kwanza kwa herufi za akiba, zile za zamani zilizohifadhiwa ndani ya bango. Kisha herufi mpya za jiji, nyembamba, zikashuka kutoka setilaiti na kuchukua nafasi. Hakuna mstari uliosogea hata unywele. Hiyo ndiyo kazi ya kisawazishi: mashine inayopima kimo cha herufi, kina chake na nafasi kati ya mistari, kisha inalinganisha aina mbili za herufi ili ukurasa usiruke.

Fundi wake, Lugano Sichone, mwenye miaka sitini na minne, hakufurahi. Kwa amri ya mkurugenzi, alikuwa amezipunguza herufi za zamani hadi asilimia 78, zilingane na mpya.

Nusu saa baadaye, mbele ya kioo alisimama Bi. Nyamizi, mfagizi, kidole kikiwa juu ya maandishi, kama walivyofundishwa wote wawili katika darasa la watu wazima.

"Umeachwa na treni ya kwanza?"

"Nimeachwa, Mzee Lugano. Binti yangu anajifungua Manyoni, nami nilisimama jukwaa la tano kama mlingoti! Kidole kimefunika mistari miwili, nikasoma usio wangu. Mmewaandikia sisimizi?"

Lugano aliingia chumba cha mitambo. Mkurugenzi Ndeonasia alikuwa humo.

"Ukurasa hauruki, Mzee. Unataka nini tena?"

"Kusawazisha kuna njia mbili, mama. Kupunguza kikubwa, au kukuza kidogo. Tulichagua vibaya."

"Ukikuza, matangazo ya biashara yatakosa nafasi."

"Yakose."

"Nitachukua kadi yako ya kazi."

"Hii hapa." Aliiweka mezani. "Kusoma nilijifunza nikiwa na ndevu. Kwenye kutojua hunirudishi."

Akarudisha herufi za zamani kwenye kimo chake, na kwa zile mpya akaandika asilimia 128.

"Kesho nitaondoa!"

"Ondoa. Nitaleta darasa zima, wasome kwa sauti mbele yako."

Nje, maandishi yalinenepa. Matangazo ya sabuni yakadondoka chini ya ukingo. Bi. Nyamizi aliinua kidole.

"Ma-nyo-ni. Ju-kwaa la ta-tu. Saa tatu kasoro... Haya, nishikie ufagio!" alimwambia Lugano aliyekuwa akitoka mlangoni.

Akakimbia. Alama ya kidole chake ilibaki kwenye kioo, chini ya mstari mmoja tu.