Mwenye Duka la Miwani

"Nani mwenye macho haya yasiyopatana?"

Duka zima la miwani likageuka. Lilikuwa limefurika hadi kwenye ngazi. Aliyeuliza alisimama kwenye mlango wa chumba cha nyuma: msichana wa kitambaa cha njano kichwani, aproni ya kijivu, vumbi jeupe la vioo mpaka kwenye nyusi, na karatasi ya vipimo vya macho mkononi.

Kijana mmoja mrefu, shati lake limepigwa pasi likanyooka, akainua mkono taratibu. Asubuhi ile alikuwa ameikalia miwani yake, na kesho ana usaili wa kazi.

"Ni mimi, dada. Yamegombana tangu utotoni."

"Basi mimi ndiye msuluhishi. Keti, kaka, na usikalie kitu kingine."

Watu wakacheka. Yeye akacheka kuliko wote, na moyo wake ukafuata ile aproni.

Hivyo ndivyo walivyoanza. Msichana alikuwa fundi wa kuchonga vioo vya miwani, mashine ikimlilia masikioni kutwa, wateja hawamwoni. Kijana alikuwa na shahada ya fedha na ndoto moja tu: kuwa mchambuzi wa uwekezaji, achague kampuni nzuri, anunue hisa zake na kuzishika miaka ishirini. Alisimulia hisa akila, akitembea, nadhani hata akipiga chafya. Wenzake wakambatiza Bwana Hisa.

"Fundi wangu, umekula?" humpigia simu mchana.

"Nimekula vumbi. Wewe?"

"Nimeshiba ripoti ya mwaka ya kiwanda cha saruji."

"Ilikolea chumvi?"

"Wewe nicheke tu, laazizi. Mwekezaji ni subira. Hupanda leo, akavuna uzeeni."

Ule usaili alishindwa, na mingine miwili baada yake. Mwezi wa tano ndipo barua ikaja kutoka kampuni ya uwekezaji, lakini si kwa kazi aliyoiota. Ilikuwa kazi ya ofisi ya nyuma, na jibu lilitakiwa Ijumaa ya wiki iliyofuata, kabla ya saa sita mchana.

Msimamizi wa kitengo, mama wa makamo mwenye sauti ya upole, hakumficha.

"Mwanangu, wanaochagua hisa wako ghorofa ya juu. Sisi tunahakikisha walichonunua ndicho kilicholetwa, karatasi zetu na za wauzaji ziseme kitu kimoja. Wapo waliopanda kutoka hapa. Wapo pia watakaostaafia kwenye viti hivi. Sikuahidi kitu."

Alitoka pale uso umemshuka. Aibu ilimvaa mwili mzima. Alishajisifu mno, na mama yake alishawatangazia majirani kwamba mwanawe atakuwa mkubwa wa soko la hisa. Akaificha ile barua, hata Fundi asiione.

Jumamosi wakaalikwa kwa Kibopa, aliyesoma chuo na Bwana Hisa. Kibopa amekwisha kuwa mchambuzi, na sasa amepandishwa cheo. Suti yake ya buluu ilimkaa sawasawa. Fundi alipendeza, jamani! Gauni la kijani, viatu virefu vya kuazima kwa dada yake.

"Shemeji," Kibopa akamuuliza, "unajishughulisha na nini?"

Kabla hajafungua kinywa, Bwana Hisa akadakia. "Ana duka la miwani. Lile kubwa, kwenye jengo jipya."

Lo! Nani alimtuma? Hata yeye mwenyewe hakujua maneno yametoka wapi.

"Hongera sana, bosi!" Kibopa akanyoosha mkono. Fundi akampa wake, wenye makovu madogo ya vioo, kisha akaurudisha haraka chini ya meza.

Walipotoka nje Fundi hakusubiri wafike mbali.

"Duka langu liko wapi?"

"Mpenzi, nilikuwa natania tu..."

"Hukutania. Umenionea aibu. Umenifanya nifiche mikono yangu kama mwizi."

"Sikukuonea aibu wewe. Nimejionea mimi. Wamenipa kazi ya ofisi ya nyuma, kuhakiki kazi za wenzangu. Kibopa akijua atanicheka mwaka mzima!"

Alidhani ukweli utamwokoa. Ndio kwanza ukammaliza.

"Kumbe kazi ya nyuma ni ya kuchekwa," Fundi alisema polepole. "Asante kwa kunijulisha."

Akavua vile viatu, vilikuwa vikimbana, akaondoka peku.

Jumapili simu haikupokelewa. Jumatatu hivyo hivyo. Jumatano ikapokelewa.

"Nikuulize," Fundi akasema, wala hakumsalimu. "Hisa zako zisipopanda mwaka wa kwanza, unazionea aibu?"

"Hapana. Nasubiri."

"Basi una subira na kampuni za watu. Kwa nafsi yako huna. Wala kwangu."

Akakata.

Alhamisi kutwa Bwana Hisa alikaa na barua. Akikataa, atangoja nafasi ya uchambuzi ambayo huenda isije. Akikubali, kila hisa inayonunuliwa itapita mikononi mwake, atajifunza, atafanya mitihani ya wachambuzi. Na bado huenda mlango wa juu usifunguke. Akajipa miaka miwili. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, alijiambia, ingawa kuinama kwenyewe kulimuuma.

Ijumaa, duka la miwani lilifurika kama siku ile. Fundi alitokea kukabidhi miwani ya mteja, akamkuta Bwana Hisa amesimama kaunta, simu mkononi, sauti imefunguliwa hadi mwisho.

"Kibopa, nilikudanganya. Shemeji yako hana duka. Ni fundi, anachonga vioo chumba cha nyuma. Na mimi nimepata kazi, ofisi ya nyuma."

Kicheko kikubwa kikajaa duka.

"We Bwana Hisa! Na maneno yote yale? Yaani utakuwa unahakiki karatasi za akina sisi?"

"Ndiyo."

Kibopa akacheka tena. Wateja wote wanasikia. Wengine wakaangalia chini. Masikio ya kijana yaliwaka moto, lakini hakukata simu. Aliacha kicheko kiende mpaka Kibopa mwenyewe alipochoka akaaga.

"Imeuma?" Fundi aliuliza.

"Sana."

"Na mimi iliniuma hivyo hivyo."

Akamvua miwani, akaifuta kwa kitambaa laini, maana aproni ingeikwaruza, akamvisha tena. Vidole vyake vikakawia kidogo shavuni.

"Jumapili shangazi yangu anakuja kukutazama. Atakuuliza kazi yako."

"Nitamwambia."

"Barua ya kukubali umeshaipeleka?"

"Bado. Nilitaka nianzie hapa."

Fundi akatazama saa ya ukutani. Saa sita kasoro dakika kumi na tano.

"Mungu wangu! Kimbia, mwanaume, kimbia!"

Alikimbia. Alifika shati limemganda mgongoni. Yule mama msimamizi alikuwa tayari anafunga faili.

"Mbona umechelewa hivi, mwanangu?"

"Nilikuwa naona aibu, mama."

"Na sasa?"

"Bado naiona," alisema huku akihema. "Naomba kalamu."