Uzi Kando ya Uvimbe

Pafu la mzee Ndahani Chilewa lilielea hewani katikati ya chumba, kubwa kama mlango, likitanuka na kunywea. Pafu halisi lilikuwa kifuani mwake, chumba cha pili, alikolala chali juu ya kitanda cha mionzi. Hili lililoelea liliitwa pafu-kivuli: umbo la mwanga lililofumwa kutokana na maelfu ya picha, likipumua kila alipopumua yeye. Upande wa kushoto, karibu na moyo, uling'aa uvimbe mwekundu usiozidi kokwa la tende.

Zamani saratani ya pafu iliwasumbua matabibu kwa sababu haitulii. Mgonjwa akivuta pumzi, uvimbe unasogea. Akiitoa, unarudi, na mionzi inayoufukuza huunguza nyama yenye afya iliyo jirani. Mwaka huo wa 2079, katika Taasisi ya Pumzi jijini Dodoma, kazi hiyo ilikuwa ya Mpangamionzi. Mashine hiyo ilizisoma picha, ikajua uvimbe utakuwa wapi kabla haujafika, kisha ikafyatua mionzi kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho. Vikao vitano vilitosha.

Kikao cha tatu kilipomalizika, Subilaga Mwansasu, mtaalamu wa fizikia aliyeusaini mpango wa tiba hiyo, alilikuza pafu-kivuli. Asubuhi ile kamera za taasisi zilikuwa zimebadilishwa, na mpya ziliona hata vitu vyembamba kama unywele. Akaona uzi mweupe umegusa ukingo wa uvimbe, katikati kabisa ya njia ya mionzi.

"Huu uzi ni nini?" akauliza.

"Neva ya sauti, ya kushoto," ikajibu mashine. "Hushuka kifuani, huzunguka chini ya mshipa mkuu wa moyo, kisha hurudi kooni."

"Umeikwepa?"

"Hapana. Haimo kwenye orodha ya viungo vya kulindwa."

"Nani aliitunga hiyo orodha?"

"Jopo la watu watano, miaka kumi na moja iliyopita. Jina lako ni la tatu."

Subilaga akakaa. Alikumbuka kikao kile cha jopo. Waliandika moyo, uti wa mgongo, umio, sehemu za mapafu zisizo na ugonjwa. Neva ile kamera za wakati huo hazikuiona, wakaafikiana kwamba kisichoonekana hakiwezi kulindwa. Hakuna aliyeandika kwamba kamera zikiboreshwa orodha itazamwe upya.

"Nipe mpango wa vikao viwili vilivyobaki unaoikwepa neva."

"Upo. Matumaini ya kupona yatashuka kutoka tisini na tatu kwa mia hadi sabini na nne. Utaratibu unataka mpango unaoponya zaidi. Hakuna hitilafu ya kuripoti."

Angeweza kunyamaza. Angeweza pia kuubadili mpango kimyakimya. Kwa vyovyote mzee asingejua. Akainuka akaenda chumba cha mapumziko, alikomkuta akifunga vifungo vya shati, binti yake Sechelela amemshikia koti.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, daktari. Mbona uso umekushuka? Uvimbe umeongezeka?"

"Haujaongezeka." Akavuta kiti, akawaeleza yote, bila kuficha jina lake kwenye orodha. "Huenda sauti yako ikapotea. Si leo. Baada ya miezi."

Mzee Ndahani alikuwa mnadi wa ng'ombe. Ng'ombe waliuzwa kwenye skrini siku hizo, lakini wachungaji wa Ugogo waliendelea kuja mnadani ili kumsikia tu akimsifia dume mpaka mwenye dume aone haya kumuuza.

"Baba, uhai kwanza," Sechelela akasema. "Sauti si kitu."

"Kwako," akajibu mzee, bila kumtazama. Kisha akamgeukia Subilaga. "Siku ya kwanza uliniuliza kama nina mzio wa dawa. Ukaniuliza jina la mama yangu. Nafanya kazi gani, hukuniuliza."

"Sikukuuliza, mzee. Nisamehe."

Hakusema kama amesamehe. Akaomba siku moja. Kesho yake ilikuwa siku ya mnada. Alisimama juani tangu asubuhi, akanadi hata mbuzi ambao kwa kawaida aliwaachia wengine, na aliporudi kwenye taasisi koo lilikuwa limekauka.

"Malizeni kama mlivyoanza," akasema, akapanda kitandani.

Sauti ilimpotea mwezi wa tano baada ya tiba. Ilianza kukwaruza, ikawa hewa tupu. Mwezi wa sita alikuja kupigwa picha, na pafu-kivuli lilipotokea halikuwa na doa jekundu popote. Mashine ikaandika: Amepona. Subilaga akathibitisha, maana ilikuwa kweli.

"Akiita ng'ombe, hawageuki," Sechelela akamwambia mlangoni, kisha akaenda kuchukua dawa.

Mzee akamwashiria Subilaga. Ikabidi ainame, sikio karibu na mdomo wake.

"Uhai niliuchagua mwenyewe," mzee akanong'ona. "Sijutii. Lakini mimi nilichagua vikao viwili. Vile vitatu mlinichagulia ninyi. Sauti yangu ilichukuliwa na vikao vipi?"

Subilaga akarudi kwenye chumba cha picha. Akaamuru vikao vyote vitano viletwe, akavipanga hewani kimoja baada ya kingine, akaiuliza mashine swali lile lile la mzee.

Mpangamionzi ikavisoma vikao vyote, kimoja kimoja.

"Madhara yamechanganyika," ikasema. "Haiwezekani kujua."

Mzee alikuwa bado anasubiri mlangoni, kofia mkononi. Subilaga akatoka kumpelekea jibu hilo.