Uchovu wa Torkild

Vibeke alipanga mkate mweusi na samaki mezani. Mumewe aliingia kutoka kazini, akavua buti, akaketi. Torkild alikuwa fundi wa kuezeka mapaa kwa matete, na nyumba nyingi za kale pale kisiwani Fanø zilikuwa zimepita mikononi mwake. Siku hiyo alikula nusu kipande tu. Kisha akasinzia pale pale kitini, kisu bado mkononi.

"Mume wangu, hata kahawa hutaki?"

"Nimechoka, Vibeke."

Lilikuwa jibu lake tangu mwaka uliopita. Alikuwa na miaka hamsini na minane, na zamani alipanda ngazi huku akipiga mluzi. Sasa alipumzika kila baada ya vidato vichache. Majira ya kuchipua aliteleza kidato cha pili tu, akavunjika kiwiko cha mkono. Ndevu zake zilikuwa chache, akawa ananyoa mara moja kwa wiki. Hasira zilikuwa karibu. Na tangu Krismasi alikuwa akilala chumba cha binti yao, Signe, aliyeolewa zamani.

"Nakoroma, nisikusumbue," alisema.

Vibeke alijua si kukoroma. Mumewe hakuwa akimgusa tena. Alijitazama kwenye kioo, akaona mikunjo ya miaka hamsini na mitano.

Jumapili moja asubuhi alikuwa akikusanya nguo za kufua. Katika mfuko wa suruali ya Torkild alikuta kichupa cha dawa na bomba la sindano. Alivipeleka bustanini, mumewe alikokuwa akipalilia viazi.

"Hiki ni nini?"

Torkild aligeuka mwekundu. "Nipe, si kitu."

"Si kitu? Kimeandikwa nguvu za kiume! Unamtafutia nani hizo nguvu, na kwangu umehama?"

"Vibeke, majirani watasikia."

"Wasikie! Ni nani huyo mwanamke?"

Torkild aliacha jembe likaanguka. Akakaa chini, juu ya majani ya viazi, akalia. Katika miaka thelathini na minne ya ndoa Vibeke alikuwa amemwona akilia mara moja tu, siku ya kumzika baba yake.

"Hakuna mwanamke," alisema. "Hata kwako nimeshindwa. Hamu imekufa, Vibeke. Nakupenda vile vile, ila mwili umenyamaza. Niliona aibu. Kaj wa kazini ndiye aliyenipa, amenunua kwa mtu fulani wa ukumbi wa mazoezi. Anasema nikijichoma nitakuwa kijana tena. Sijathubutu."

Vibeke aliketi karibu naye kwenye udongo. Alimfuta machozi kwa taulo chafu, maana ndilo lililokuwa mkononi.

"Wewe zoba," alisema polepole. "Mwaka mzima mimi nadhani umenichoka."

Upande wa pili wa ua kulikuwa na Gudrun, muuguzi wa kliniki ya kisiwani. Alikohoa kidogo.

"Jirani, samahani. Masikio hayana mlango. Naweza kuingia?"

"Ingia tu, umeshasikia yote," alisema Torkild.

Walinywa kahawa jikoni. Gudrun alikigeuza kile kichupa mkononi.

"Hiki usijichome kabisa. Hakuna ajuaye kilichomo. Na hata kama ni homoni kweli, ukiletewa kutoka nje, kiwanda cha mwili wako hulala. Mbegu hupungua. Damu inaweza kuwa nzito kupita kiasi."

"Homoni ipi?" aliuliza Vibeke.

"Testosteroni. Ni homoni ya kiume, hutengenezwa hasa kwenye korodani. Huleta hamu, ndevu, misuli, hutunza hata mifupa. Torkild, ule mkono uliovunjika kwa kuanguka hatua mbili ulinishangaza tangu siku ile."

"Basi nimeishiwa?"

"Sijui, na wewe hujui. Wengine huchoka kwa kisukari, kwa unene, kwa huzuni, kwa pombe, kwa kukosa usingizi mzuri. Mpaka upimwe damu. Njoo kesho saa mbili asubuhi, usile kitu. Asubuhi ndipo homoni hii huwa juu. Ukipima jioni utadanganywa. Na tutarudia siku nyingine, maana kipimo kimoja hakitoshi."

"Na kiwango cha kawaida ni kipi?"

"Kila maabara ina vipimo vyake. Yetu huandika kuanzia nane mpaka thelathini hivi. Ukiwa kati ya nane na kumi na mbili, tunachunguza zaidi. Ukiwa chini ya nane mara mbili, na dalili zipo, daktari hutafuta chanzo. Hushuka kidogo kidogo kwa umri, lakini uzee peke yake si ugonjwa wa kutibiwa kwa homoni."

Kipimo cha kwanza kilikuwa sita. Wiki mbili baadaye, tano na nusu. Daktari wa kliniki aliwaandikia barua ya kwenda kwa daktari wa homoni, hospitali ya ng'ambo. Walikwenda pamoja kwa kivuko. Torkild alitaka kuingia peke yake. Vibeke akamwambia, "Tumechimba viazi pamoja, na hili tutalichimba pamoja."

Daktari alimpima mifupa, tezi dume na damu. Akamuuliza maswali mengi. Moja lilikuwa hili: "Uliwahi kuugua matumbwitumbwi ukubwani?"

"Ndiyo. Signe alikuwa na mwaka mmoja. Mashavu yalivimba, na huko chini pia. Wiki nzima sikuweza kutembea."

Daktari aliitikia kwa kichwa taratibu. "Inaelekea ugonjwa ule uliumiza korodani zote mbili. Homoni ilitosha ulipokuwa kijana, na miaka ikaimaliza akiba. Mbegu huathirika mapema zaidi. Mlipata mtoto mwingine baada ya hapo?"

Vibeke alimgeukia mumewe.

Katika kivuko cha kurudi Vibeke alisimama ukingoni, akitazama maji. Torkild alimfuata.

"Miaka kumi tulitafuta wa pili," alisema Vibeke. "Mama yako aliniita mti mkavu. Alikufa akiamini hivyo. Na mimi niliamini."

"Najua. Sikuwahi kumkanya."

"Hukuwahi."

"Nisamehe, mke wangu."

Vibeke aliendelea kutazama maji. Lakini alimwachia mkono wake, Torkild akaushika mpaka kivuko kilipotia nanga.

Torkild alipewa jeli ya kupaka mabegani kila asubuhi. Gudrun alimwelekeza: "Ukipaka, nawa mikono kwa sabuni. Acha ikauke, vaa shati. Vibeke na wajukuu wasiguse ngozi iliyopakwa, homoni hii si yao. Na usikose vipimo. Tutaangalia kiwango, uzito wa damu na tezi dume. Usitarajie miujiza ya wiki moja."

Kweli, haikuwa miujiza. Mwezi wa kwanza alikuwa na uchovu ule ule. Mwezi wa tatu kipimo kilionyesha kumi na sita, na damu ilikuwa salama. Hasira zilipungua. Alimaliza paa la kanisa dogo bila kushuka kupumzika. Asubuhi moja alihamisha mto wake kutoka chumba cha Signe. Vibeke alimsogelea, wakacheka kama watu waliokutana juzi.

Jumapili moja ya vuli Signe alikuja na mumewe na watoto. Vibeke alikuwa akileta sufuria ya nyama. Torkild alisimama. Hakuwa mtu wa hotuba.

"Signe, nina neno. Ulikuwa ukiuliza kwa nini huna ndugu. Bibi yako alisema kosa ni la mama yako, nami nikanyamaza. Haikuwa kweli. Ni mimi niliyeugua, na hakuna aliyekuwa na kosa. Ila kunyamaza kwangu kulikuwa kosa. Nalisema mbele yenu wote."

 Signe aliinuka, akamkumbatia mama yake pamoja na sufuria yake.

 Vibeke aliweka sufuria mezani, akampakulia mumewe wa kwanza, kipande kikubwa kuliko vyote.

"Haya, kuleni," alisema. "Chakula kinapoa."