Wimbo Uliofumbatwa

Jua lilikuwa bado linang'ang'ania vilele vya Uluguru wakati bendi nzima ilipoingia chumbani kwa Bi Veneranda bila kupiga hodi. Besi ilisimama kando ya kabati. Tumba zilitua karibu na dirisha. Magitaa mawili yalikaa pande mbili za kitanda, yakaanza kusemezana kama mawifi wasiopatana. Na katikati ya chumba, pale penye mkeka mtupu, mwanamume alikohoa kidogo, akavuta pumzi, akaanza kuimba.

Mpita njia angechungulia dirishani asingesikia hata mlio mmoja. Angemwona bibi kizee ameketi kitini, na mwanawe Kasian amechuchumaa mbele yake na bakuli la uji. Nyuma ya sikio la kila mmoja wao kulikuwa na kidude kidogo kama punje ya mahindi.

Kidude hicho kiliitwa sikizi. Hakikupeleka sauti hewani. Kiliipitisha kwenye mfupa wa kichwa, kwa ustadi ambao uliufanya ubongo usadiki kwamba mwimbaji amesimama pale pale, ana kimo, ana joto, na mguu wake wa kulia unapigapiga sakafu. Katika jiji la Morogoro la miaka hiyo, ambako vigari vya kamba viliteleza juu ya mapaa na mashine zilifagia barabara, hakuna kifaa kilichopendwa kama sikizi. Na Mhandisi Kasian Mkude alikuwa mmoja wa waliokitengeneza.

Bi Veneranda alifunga mdomo. Kijiko kilimgusa midomo, hakuufungua. Alikuwa anasubiri.

Wimbo ulifika pale magitaa yanapochanganya na wachezaji ukumbini wanapoanza kuvua makoti. Hapo mwimbaji aliacha kuimba, akaanza kuita watu, kama wafanyavyo wanamuziki wa dansi tangu enzi na enzi: akamtaja fundi baiskeli wa Mji Mpya, akamtaja mpiga tumba wake, kisha akapaza sauti:

"Vene! Vene wa Kichangani! Sogea mbele, mama, mbona unanificha uso?"

Akacheka. Kicheko kifupi cha mtu aliyesahau kwamba anarekodiwa.

"Nipo," Bi Veneranda alijibu, akatabasamu kwa haya, akafungua mdomo. Akala uji wote.

Ugonjwa wa kusahau ulikuwa umemnyang'anya karibu kila kitu. Hakujua tena mwaka, wala nyumba aliyomo, wala kwamba huyu mtu mzima mwenye kijiko ni mtoto aliyemzaa. Alimwita "fundi." Lakini Pius, mumewe, alipomwita kutoka ndani ya wimbo "Rudi Kabla ya Mvua," aliitika. Madaktari walikuwa wamejaribu dawa na mashine za kulisha, akazitema zote. Wimbo ndio uliokuwa unamlisha.

Wimbo huo Kasian alikuwa ameuhifadhi kwa Fumbata.

Fumbata ulikuwa muundo wa kufungia sauti, na jina lake liliusema wote: ngumi iliyokaza. Kila mtu alipotaka kusikiliza wimbo, sikizi lilituma ombi kwenye minara ya kampuni ya Sautinjema. Mnara ulijibu kwa ufunguo uliodumu kwa urefu wa wimbo tu, kisha ukafa. Wimbo haukunakilika. Haukurekodika kwa pembeni, kwa kuwa haukupita hewani. Kanda asilia zilisagwa mara tu zilipohamishiwa humo, ili mwizi asipate pa kuanzia. Kasian ndiye aliyebuni kufuli hiyo, na alijivuna kwamba hata yeye mwenyewe hawezi kuivunja.

Alikuwa na sababu. Pius Mkude aliimba miaka yote ya ujana wake. Nyimbo zake zilipigwa kwenye kila harusi kutoka Kilosa hadi Ifakara, zikanakiliwa, zikapakuliwa, zikauzwa na watu wasiojua hata kushika gitaa. Alipougua, hakukuwa na dawa nyumbani. Alipokufa, wale wale walikuja msibani, wakapiga nyimbo zake, wakacheza. Kasian aliwatazama wakicheza akiwa amesimama kando ya jeneza. Siku hiyo kufuli ilizaliwa.

Mtu mmoja tu alisimama kuipinga. Mwarami Kunambi alikuwa amesoma naye darasa moja, akala kwa Bi Veneranda kama mtoto wa nyumba. Naye alikuwa ameandika muundo wake, akauita Kiganja, kwa kuwa ulikuwa wazi: yeyote aliweza kuusoma, kuurekebisha, kuunda chombo chake cha kuufungulia. Walikutana mbele ya Baraza la Sauti, ukumbi umejaa hadi milangoni.

"Mwanamuziki ale nini, wakati Kiganja kinamgawa bure?" Kasian aliuliza. "Ale makofi?"

"Mlipeni," Mwarami alijibu. "Tungeni sheria, mkamateni anayeuza kisichokuwa chake, niko nanyi. Lakini msimfungie mtu sauti ya mzazi wake halafu ufunguo mkakaa nao nyinyi. Siku mkichoka, nani atafungua?"

"Hatutachoka."

Ukumbi ulimshangilia Kasian. Baraza likapitisha Fumbata, Kiganja kikapigwa marufuku, na wote waliokuwa na nyimbo ndani yake wakaamriwa kuzifuta.

Miaka ilipita. Sautinjema wakachoka.

Hawakutumia neno hilo. Walisema Fumbata umezeeka, minara yake inakula umeme, na sasa umekuja muundo mpya, Umande, mwepesi zaidi. Nyimbo zote zilizosajiliwa zingehamishwa na mtambo uitwao Mchujaji. Katika kikao cha mwisho msichana mmoja wa kitengo cha sheria alieleza kwamba Mchujaji utaondoa majina ya watu waliotajwa bila idhini yao, maana sheria mpya ya faragha ni kali. Kasian alikuwa anafikiria uzito wa minara. Alitikisa kichwa kukubali, kikao kikaendelea.

Minara ikazimwa. Ufunguo mkuu, uliozaa funguo zote, ukasagwa kama kanuni ilivyotaka. Kanuni hiyo aliiandika Kasian.

Jioni ya kwanza ya Umande, bendi iliingia tena chumbani, safi kuliko zamani. Pius aliimba beti zake zote. Magitaa yakachanganya. Bi Veneranda alikaa wima, akajitengeneza kanga mabegani.

Magitaa yakaendelea. Mchujaji ulikuwa umekata sauti pale, ukaunyoosha mlio wa gitaa ukaziba pengo kwa ufundi hata sikio lisione mshono. Hakuitwa fundi baiskeli. Hakuitwa mpiga tumba. Wimbo ukaisha.

Bi Veneranda aligeuza uso polepole.

"Hajaniita."

"Kula, mama. Uji unapoa."

"Fundi, kwani nimemkosea nini?"

Kasian aliurudisha wimbo mwanzo. Mama akasubiri tena, akajitengeneza kanga tena. Mara ya tatu alianza kulia bila sauti, kama mke aliyepitwa na mumewe mbele za watu. Uji ulirudi jikoni kama ulivyokuja.

Kesho yake ikawa hivyo hivyo. Na keshokutwa.

Kasian alikwenda Sautinjema, akashuka hadi ghala la chini. Wimbo ulikuwepo. Fumbata ulikuwa umelala katika rafu yake, mzima, haujapungukiwa na pumzi moja, na jina la mama yake limo ndani. Aliketi mbele yake kutwa akijaribu kila hila aliyoijua. Kila mlango alioufikia alikuta ameukomea mwenyewe zamani, kwa akili zake zote za ujana. Msichana wa kitengo cha sheria alimletea chai.

"Shikamoo, Mhandisi. Kwani haufunguki?"

"Marahaba. Haufunguki," alisema. "Tuliufunga vizuri mno."

Akajaribu njia nyingine. Zilikuwepo mashine za kughushi sauti, na beti za Pius zilitosha kuifunza mashine koo lake. Ikatengeneza: "Vene! Vene wa Kichangani! Sogea mbele, mama!" Sauti ilikuwa ya Pius kabisa. Kasian mwenyewe nywele zilimsimama. Jioni aliipachika mahali pake, akamvisha mama sikizi.

Bi Veneranda aliruka kana kwamba ameguswa na kitu cha baridi.

"Nani huyo anajifanya Pius?" alifoka. "Mtoe! Pius hawezi kuniita asicheke."

Mashine iliagizwa icheke. Ilicheka namna nyingi. Kila mara bibi kizee alizidi kuogopa, mpaka Kasian akaizima.

Ndipo akapanda kigari cha kamba hadi Mwembesongo, kwa Mwarami.

Mwarami alikuwa na banda la kutengeneza mashine za jikoni. Amenenepa, ndevu zimeingia mvi. Alimtazama mgeni wake juu ya miwani, bisibisi mkononi.

"Karibu, Mhandisi. Umeniletea mashine ya kukuna nazi au umeniletea askari?"

"Nimekuja peke yangu."

"Basi leo kuna jambo. Kaa. Si hapo, hicho chuma kina moto, utaungua makalio bure." Alimsogezea kigoda. "Mama hajambo?"

"Hataki kula."

Bisibisi ilitua mezani. Kasian akaeleza yote, kwa maneno machache, bila kumtazama. Alipomaliza, alisema:

"Nataka ile ya ukumbini. Ile aliyokupa mzee."

Maana rekodi nyingine iliwahi kuwepo. Kabla hajafa, Pius alikuwa amempa Mwarami kanda ya dansi la usiku mmoja pale Bigwa, wimbo ule ule, majina yale yale na zaidi. Alimpa kwa mkono wake, akamwambia aitie kwenye Kiganja chake watu wacheze.

"Unaniuliza mimi ile kanda?" Mwarami alisema taratibu.

"Watu wa aina yenu hawakosi kuficha nakala."

"Watu wa aina yetu!" Mwarami alicheka, lakini kicheko hakikufika machoni. "Ama kweli. Umekuja kuomba na mdomo bado ni ule ule."

"Mwarami, nakusihi."

"Kasian, ulikuwepo. Ulisimama hapo ulipokaa sasa, na karatasi ya Baraza mkononi. Nilifuta zote. Nilipofika hiyo nikakuomba: niachie hii moja, amenipa mzee mwenyewe. Ukasemaje?"

Nje, mashine ya kufagia ilipita ikinguruma, ikaishia.

"Nikasema, hasa hiyo," Kasian alijibu.

"Hasa hiyo. Nikaifuta, na kanda nikaitia kwenye kisagio ukiangalia." Mwarami alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati. "Ningekuwa mwizi kama ulivyoniita mbele ya ukumbi mzima, leo ningekuwa nayo. Ningekuwa na nakala chini ya godoro, nyingine kwa shemeji Kilosa, nyingine hata sijui wapi. Lakini sikuwa mwizi, bwana. Sheria ilisema futa, nikafuta. Wote waliokuwa nayo walikuwa watu wa aina yetu. Wakafuta."

Kasian aliinama. Mabega yake yalitikisika, naye Mwarami hakumgusa wala hakumfukuza. Kisha Mwarami aliinuka, akachukua kofia yake msumarini.

"Twende nikamsalimie Mama Vene," alisema. "Alikuwa ananiwekea ukoko."

Walimkuta ameketi pale pale, amekonda, mikono juu ya magoti kama mtu aliyefika mapema kwenye dansi. Mwarami alipiga goti, akamwamkia. Bi Veneranda alimwitikia kwa heshima ya mgeni asiyemjua, akamwuliza kama nje kuna dalili ya mvua.

"Ipo kwa mbali, mama."

"Basi atafanya haraka."

Kasian aliwasha wimbo. Alilitoa sikizi lake akampa Mwarami. Hakulihitaji. Kila pigo la wimbo ule alilijua, alizihesabu beti kwa kutazama vidole vya mama vinavyocheza juu ya kanga. Vidole vilipoanza kwenda mbio alijua magitaa yamechanganya. Alichota uji, akashusha pumzi, akasema kwa mdomo wake mwenyewe, kwa sauti yake kavu ya mtu ambaye hajawahi kuimba:

"Vene. Vene wa Kichangani. Sogea mbele, mama, mbona unanificha uso?"

Akajaribu kucheka. Kilichotoka hakikuwa kicheko.

Bi Veneranda alimgeukia. Alimtazama kwa muda, kwa huruma, kama anavyotazamwa mtoto wa watu aliyepotea sokoni. Akaweka kidole chake chembamba juu ya midomo ya mwanawe.

"Nyamaza, fundi," alimnong'oneza. "Tutashindwa kumsikia akiniita."