Mkalimani wa Mbwa

“Daktari, eti ni kweli yule fundi cherehani anayeongea na mbwa ni mchumba wako?”

Aliyeuliza ni karani wa mapokezi, kwa sauti iliyofika mpaka benchi la mwisho la kliniki ya mifugo.

“Nani, Mkalimani?” Daktari akacheka. “Aa, yule ni mteja tu. Nilimtibia mbwa wake, basi.”

Mteja mwenyewe alikuwa amesimama mlangoni, kamshikia Daktari chakula cha mchana.

Tuwakumbuke waliocheka siku ile, maana baadaye wote walidai walikuwa upande wake tangu mwanzo: karani, mkono mdomoni, bosi wa kliniki, tumbo likimtikisika, na mwenye ghala, aliyekuja kuomba mbwa wake auawe kwa sindano.

Fundi aliweka chombo mezani taratibu.

“Chakula cha daktari,” akasema. “Mwambieni kimeletwa na mteja.”

Akaondoka.

Hakuzaliwa na kipaji chochote, na hakuna chuo kilichompa cheti. Alikuwa na mbwa, Kifungo, aliyeitwa hivyo kwa sababu utotoni alimeza kifungo cha shati la shule akakitoa siku ya pili kikiwa kizima. Miaka tisa walikaa pamoja. Wiki tatu za mwisho Kifungo alikuwa anaweka kidevu juu ya mguu wa Fundi kwenye pedali ya cherehani, naye anamsukuma: “Hebu nipishe, nina sare arobaini hapa!” Kumbe tumboni kulikuwa na uvimbe. Mbwa alisema wiki tatu nzima, na masikio yalikuwa kwenye cherehani.

Kifungo alifia mikononi mwa Daktari. Daktari akalia kuliko mwenye mbwa, na mapenzi yakaanzia hapo. Watu wakapata la kusema: kapeleka mbwa, karudi na bwana.

Lakini Fundi aliapa kwamba hatapitwa tena. Kila alfajiri, kabla ya kugusa uzi, alikwenda kukaa chini kwenye nyua za watu, na paka, na mbuzi, na punda wa wabeba maji. Hakusema kitu. Alitazama sikio linakoelekea, mguu upi unabebeshwa uzito, mnyama anamkwepa nani. Mwaka ukapita. Ukimletea ng'ombe aliyegoma kula, atakuambia: “Anasema jino la nyuma, kulia.” Unafungua mdomo, unalikuta jino. Walimcheka mchana, asubuhi wakamwita na kumpitisha mlango wa uani.

Jioni ya siku ile aliyoitwa mteja, simu ya Fundi ililia mara sita. Hakupokea. Ukaingia ujumbe:

“Kipenzi, nilikuwa natania tu.”

Akajibu: “Mtu hutaniana na mwenzake. Wewe hukunitania, umenikana.”

Asubuhi simu ikalia tena. Akapokea.

“Usikate, nakuomba,” Daktari akasema. “Ni yule mbwa wa ghala. Saa nne napaswa kumchoma sindano. Nimempima, kichaa hana, maumivu hana. Lakini akiambiwa atoke, anamrukia mtu. Bosi ameshasaini.”

“Unataka nini kwangu?”

“Uje umsikilize. Pitia mlango wa nyuma, nitakufungulia.”

Fundi akavuta uzi wa cherehani, akaukata kwa meno.

“Mpenzi?”

“Mlango wa nyuma napitishwa na majirani wanaonionea aibu. Na wewe umo?”

“Jamani, kazi yangu...”

“Nitakuja kwa ajili ya mbwa. Nitapita mbele. Nikiulizwa mimi ni nani, utajibu wewe.”

Saa nne kasoro alipita mbele, tepu ya kupimia ikiwa bado shingoni. Karani akameza kicheko. Uani, mbwa mwekundu mwenye mbavu za kuhesabika alikuwa amefungwa kwenye nguzo. Sindano ilikuwa tayari kwenye sinia.

“Huyu naye kaja kufanya nini?” bosi akauliza.

Daktari akainamia sinia, akaisogeza sindano.

Fundi hakungoja. Alikaa chini, mavumbini, hatua tatu kutoka kwa mbwa.

“Mama, ondoka hapo, atakuuma!” mwenye ghala akafoka. “Nina siku kumi naye tangu nimwokote barabarani. Ona mwenyewe. Toka! We, toka!”

Mbwa akaruka mpaka kamba ikamvuta shingo.

“Mmeona?”

“Nimeona mkia unacheza,” Fundi akasema. “Amekuuma lini?”

“Hajawahi, lakini ananirukia! Nikizidi kumfukuza ndiyo anazidi!”

“Mzee wangu, nenda kule ukutani. Chuchumaa. Sema neno lile lile, ila kwa upole, kama unamwita mjukuu.”

“Mimi? Nimbembeleze mbwa?”

“Mara moja tu, mzee wangu.”

Mwenye ghala akaenda, magoti yakilia. Fundi akafungua kamba kabla ya yeyote kumzuia.

“Toka,” mzee akasema, kwa aibu.

Mbwa akaenda mbio, akalala kifudifudi mbele yake, akaweka kichwa kwenye viatu vyake.

Karani naye alikuwa ameshatoka mapokezi kuja kutazama.

“Hajui kwamba anafukuzwa,” Fundi akasema. “Tangu afumbue macho, kila anayemwona humwambia neno hilo hilo moja. Jikoni, toka. Dukani, toka. Ungekuwa wewe, usingedhani ndilo jina lako? Mnamwita, anaitika, mnampiga. Na si mbwa peke yake. Wako watu walioitwa hivyo maisha yao yote, nao wakaitika kwa adabu.”

Mwenye ghala alikuwa ameshika sikio la mbwa, hatazami mtu.

“Sasa nimwiteje?” akauliza.

“Hivyo hivyo. Jina ni lake. Wewe tafuta neno jingine la kufukuzia.”

Bosi akakohoa. “Daktari, sijajibiwa. Huyu mwanamke ni nani?”

Daktari akachukua sindano, akaimwaga dawa kwenye karo, mbele ya wote.

“Jana hapa hapa niliulizwa, nikasema ni mteja,” akasema. Akapandisha sauti. “Karani, sikia vizuri, wewe ndiye uliyeuliza. Nilisema uongo. Ni mchumba wangu, kama bado ananitaka. Mimi nimesoma miaka sita na nusura nimuue mbwa aliyekuwa anaitika jina lake.”

Akamgeukia Fundi.

“Nisamehe.”

“Umesema vizuri,” Fundi akajibu, akijipangusa vumbi. “Ila kusema hujawahi kushindwa. Kesho saa kumi na mbili asubuhi nitakuwa kwa wabeba maji. Uje na masikio. Mdomo uache nyumbani.”

Alikuja. Akakaa chini na suruali yake ya kazi, kando ya punda mzee, saa nzima bila neno. Kesho yake akarudi. Siku ya tisa akamgusa Fundi begani.

“Nimesikia kitu.”

“Anasemaje?”

Daktari akafikiri sana, akakuna kichwa.

“Sijamwelewa bado.”

Fundi akacheka mpaka punda akageuza shingo kuwatazama.

“Hapo sawa,” akasema. “Mwambie mama yako aje kwetu. Tupange tarehe.”